Siri ya Shingo na Shavu la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Shavu la Kibonge limeamka jekundu tena. La kushoto tu. La kulia ni laini kama mkate uliotoka kwenye karatasi sasa hivi. Nimelikodolea macho mpaka akadhani tunacheza, akacheka. Mtoto mwema. Ana miezi saba, meno mawili, na hana adui duniani isipokuwa kofia.

Wifi kapita na taulo kichwani. Huyu ni mdogo wake mume wangu, tunaishi naye, anafanya kazi saluni. Kainama, kalitazama shavu, kasema ni maziwa. Nikamuuliza maziwa gani. Akasema yako, wifi, kwani mengine yako wapi. Eti maziwa yangu ni makali. Mwenyewe hajawahi kunyonyesha hata paka.

Ubaya ni kwamba ameshampigia simu mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Kasema akikuta shavu bado jekundu, mtoto anaachishwa ziwa siku hiyohiyo, anahamia maziwa ya kopo, na ubishi hataki.

Kuachishwa. Mtoto ambaye akinyonya hushika kidole changu kama mtu anayeogopa kuachwa sokoni.

Nimelia kidogo jikoni. Kisha nikajipaka Siri ya Shingo, nikapata nguvu.

Niieleze hapa Siri ya Shingo, maana siku moja itakuwa maarufu na watu watataka kujua ilikotoka. Ni mafuta yangu, nimeyabuni mwenyewe. Mafuta ya mgando, nta ya mshumaa, mafuta ya nazi, manukato ya aina tatu kutoka kwa muuza begani, yule mchuuzi anayepita mlangoni na mzigo wake, na kifuniko kimoja cha ile dawa ya kulainisha nguo ili yateleze. Unapaka shingoni tu. Majirani wawili wameshachukua. Mmoja amerudisha, lakini huyo ana roho mbaya.


Jumatano, 5 Juni

Kliniki leo kumekuwa na wageni, watafiti wa chuo. Anayewaongoza ni dada mrefu, miwani, raba nyeupe, sauti ya mtu asiyegombana na mtu. Kaeleza kwamba wanachunguza mzio na vitu tunavyojipaka: sabuni, losheni, poda, mafuta ya nywele, manukato. Kuna dawa zilizomo humo, kasema, ngozi nyingine zinazipokea na nyingine zinazikasirikia. Wanataka akina mama wa kujitolea.

Akina mama wote wakatazama miguu yao. Mimi nilishanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Nimeona mlango umefunguka. Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini macho ninayo. Nani nyumbani kwetu ana meza nzima ya machupa? Wifi. Nani akipita nzi wanabadili njia? Wifi. Sayansi itamkamata, maziwa yangu yataachiwa huru, na mama mkwe ataniomba radhi mbele ya watu. Nimeshachagua gauni la kuombewa radhi.

Masharti ni haya. Mpaka wiki ijayo, mimi na mtoto tusiguse kitu chenye harufu. Wamenipa sabuni yao isiyonukia chochote, na kopo la mafuta ya mgando matupu. Jumatatu nitabandikwa viraka mgongoni. Na tangu leo nivae bangili ya mpira, ya kijivu, haina hata urembo. Dada mtafiti kasema bangili hiyo inakunywa kila kinachoigusa na kila kinachopita hewani karibu yake. Baadaye maabara wataikamua waone imekunywa nini.

Nikamuuliza kama inaweza kutaja mtu kwa jina. Akacheka. Kasema inajua nini, haijui nani.

Neno hilo nimeliweka.


Alhamisi, 6 Juni

Nimetii kila kitu. Poda juu ya kabati. Sabuni ya waridi juu ya kabati. Manukato ya harusi yangu juu ya kabati, nyuma, nisiyaone nikaumia. Baba Kibonge, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na ananuka moshi mwaka mzima bila kuulizwa na mtafiti yeyote, kanikumbatia akasema leo nanukia kama mtu. Sijajua bado kama ni sifa.

Siri ya Shingo naendelea nayo, bila shaka. Wao wamesema dawa za viwandani. Yangu nimepika kwenye sufuria yangu, kwa mwiko wangu, mtoto begani. Kitu ulichokipika mwenyewe hakiwezi kuwa kemikali. Sikutaka kumsumbua dada wa watu kwa mambo madogo.

Linalonisumbua ni bangili. Nimeitazama mkononi siku nzima. Inakunywa, sawa. Lakini inakunywa nini hapo? Inanikunywa mimi. Mkosaji hakai mkononi kwangu, anakaa chumba cha pili.


Jumamosi, 8 Juni

Nimetenda.

Wifi anapooga huimba, na akiimba ujue bado anajisugua. Alipofika ubeti wa pili nikaingia chumbani kwake na Kibonge begani, maana nikimweka chini angenichoma kwa kilio. Meza ile! Chupa za kunyoosha, za kukunja, za kupaka rangi, za kuondoa rangi iliyopakwa na ile chupa nyingine. Nikafungua kopo la poda, nikainua sifongo, nikaizamisha bangili chini kabisa, ilale humo. Nikaiambia kunywa, mwanangu, kunywa mpaka useme.

Kibonge akapiga chafya mara tatu mfululizo. Ushahidi wa kwanza.

Nikachota na losheni yake kidogo kwenye kifuniko cha soda, kwa matumizi ya baadaye. Wimbo ukakatika. Nilitoka mle kama moshi.

Nimejiuliza kama ni vibaya. Nimejijibu kwamba vita vya shavu havina adabu.


Jumapili, 9 Juni

Wifi katokea chai ya asubuhi amevaa bangili.

Nilimeza tonge bila kulitafuna. Kanionyesha kwa madaha, mkono juu kama anasimamisha gari. Kasema kaikuta ndani ya poda mpya. Kasema ni zawadi ya kampuni, kumkumbuka mteja wao mwaminifu. Kasema wateja wengine wanapewa kalenda tu.

Baba Kibonge kaitazama bangili, kanitazama mimi, katazama kikombe chake. Ndiyo maana niliolewa naye.

Nikafanya kosa. Nikasema haimpendezi. Papo hapo wifi akaapa haitavuka kiganja chake mpaka mpira uoze. Kesho anaenda nayo saluni iwatie wivu wenzake.


Jumatatu, 10 Juni

Chuoni. Nimevuliwa blauzi na kubandikwa viraka mgongoni, safu kwa safu, kila kimoja na kitu chake chini. Nisivilowanishe, nisivikune, nisilale chali. Nikauliza nimbebeje mtoto. Dada mtafiti kasema mbele. Nikasema mbele ndiko anakoishi.

Kauliza bangili iko wapi. Nimesema nimeiacha nyumbani isilowe jasho. Kasema inatakiwa ilowe jasho. Nikasema basi ndiko inakolowa sasa hivi. Hilo halikuwa uongo, saluni kuna joto.

Halafu akasita, akanusa hewani. Kauliza nimejipaka nini. Nikasema sijajipaka kitu, labda ni mimi mwenyewe. Akanusa tena karibu zaidi, akapiga chafya. Nikaona ni bahati ya biashara. Nikatoa mkobani chupa ya Siri ya Shingo, niliyokuwa nimemletea kama zawadi. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Kauliza kama angeweza kuweka chembe moja chini ya kiraka cha pembeni. Macho yake yaling'aa.

Moyo umenijaa. Mafuta yangu yameingia kwenye sayansi.

Nikampa pia kifuniko cha soda, chenye losheni ya wifi, aweke kiraka jirani. Kauliza ni ya nani. Nikasema ni ya jamaa anayeshukiwa.


Jumanne, 11 Juni

Mgongo unawasha. Si wote. Sehemu moja tu, upande wa pembeni, kama mtu ameniegeshea pasi. Siruhusiwi kukuna. Kila likiwasha, nacheka. Hiyo ni losheni ya wifi inaungama.

Mama mkwe kapiga simu. Kauliza hali ya shavu. Nikasema linapumzika. Akasema mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako, akakata. Sikulala juu ya neno la mkubwa. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii: nguo, shuka, mapazia, kitambaa cha kufunika redio. Nikatia dawa ya kulainisha mara mbili ya kawaida ili kilichomo nguoni kiteleze kitoke. Kamba ya nguo imenukia mpaka jirani aliyerudisha Siri ya Shingo akafunga dirisha.

Kesho narudisha bangili na bangili bado iko kwa wifi. Nikamwomba aniachie. Kauliza kwa nini. Nikasema Kibonge anaota meno, anahitaji kitu cha kutafuna. Kasema haiwezekani mtoto atafune zawadi ya kampuni. Nikabembeleza. Nikamwita wifi yangu wa pekee. Akafikiri, akasema ataitoa kwa viatu vyangu vya harusi.

Nimevitoa. Vinamkaa vizuri kuliko vilivyonikaa mimi. Hilo ndilo lililoniuma.

Bangili imerudi ikinuka dawa ya nywele, rangi ya kucha na mawazo ya wanawake arobaini.


Jumatano, 12 Juni

Wamenibandua viraka. Nimekabidhi bangili. Dada mtafiti kaiweka kwenye kifuko, kanusa mdomo wa kifuko, kisha akanitazama kwa heshima mpya. Kauliza kama nyumbani tuna madirisha.

Akapita mgongoni kwangu kwa kalamu, akichora alama. Mahali pamoja akasimama. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema lo. Nikauliza kwa utulivu kama ni kile kiraka cha jamaa anayeshukiwa. Kasema hukumu ni Ijumaa, ngozi nyingine husema polepole.

Nimeshinda. Nimefika nyumbani nikampikia wifi chakula kizuri, kama wanavyompikia mtu kabla ya kumpeleka mahakamani.


Ijumaa, 14 Juni

Niandike ilivyokuwa.

Alikuwepo na daktari wa ngozi, mama mnene mwenye vidole baridi. Wamenigeuza kwenye mwanga. Losheni ya wifi: hakuna kitu. Hata doa. Daktari kasema ngozi pale ni kama haijaguswa tangu nizaliwe. Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia tena, kwa kioo cha kukuzia. Hakuna.

Siri ya Shingo: duara jekundu, limevimba, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Na kile kiraka chao cha manukato nacho kimewaka. Daktari kapiga picha kwa ajili ya wanafunzi. Kasema huko nyuma ameona mizio mingi lakini hii ina bidii.

Kisha akamgeukia Kibonge. Kaniambia nimbebe kama ninavyombeba siku zote. Nikambeba, bega la kushoto, maana mkono wa kulia ndio wa mwiko. Kibonge akajilaza pale anapojilaza. Shavu la kushoto likaingia shingoni kwangu kama mfuniko kwenye sufuria yake.



Daktari kauliza mafuta yale napaka wapi. Nikasema yanaitwa Siri ya Shingo. Dada mtafiti akatoka nje kukohoa. Alikohoa muda mrefu.

Nikauliza, je, maziwa. Daktari hakuelewa. Nikamwambia kesho anakuja mama mkwe kumwachisha mtoto kwa sababu maziwa yangu ni makali. Akamshika Kibonge paja, akalibonyeza, akasema kwa mtoto huyu nani anathubutu kuyasema vibaya maziwa. Kasema hayana kosa lolote. Kasema nimnyonyeshe mpaka mwenyewe achoke.

Baada ya hapo aliongea mengi. Kuhusu manukato ya dukani na ya nyumbani, kuhusu maua na viungo na maganda, kuhusu nguo, kuhusu dawa ya kulainisha. Alinyoosha kidole mara kadhaa. Naamini yalikuwa ya maana. Mimi nilikuwa nambusu Kibonge kisogoni na sikusikia hata moja.

Nimeosha shingo kwa sabuni yao mpaka ikalia kama sahani.


Jumamosi, 15 Juni

Mama mkwe kafika kabla ya chai kuchemka. Hakukaa. Kamchukua Kibonge, kampeleka dirishani, kamgeuza. Shavu limepoa, lakini bado wekundu upo, siwezi kusema uongo. Wifi nyuma yake kakunja mikono, miguuni viatu vyangu vya harusi.

Mama mkwe katoa kopo la maziwa kwenye kikapu chake, kaliweka mezani. Halikuwa kubwa lakini lilijaza chumba.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Yote ikapotea. Baba Kibonge kaanza kusema mama, daktari amesema, na mama yake akamwambia madaktari hawajazaa wote. Kibonge akanyoosha mikono kwangu. Hapo sijui nini kilinipata. Nikageuka, nikapandisha blauzi mbele ya wakwe zangu wote, nikamwonyesha mgongo.

Nikasema mama, tazama duara hilo, tazama na shavu. Si ni kitu kimoja? Sasa niambie mama yangu, mgongo huu umenyonya lini?

Mama mkwe akasogea. Akaweka kidole chake mgongoni, kisha shavuni, kisha mgongoni tena. Kisha akaanza kucheka, polepole, kwanza tumboni, mpaka akakaa kwenye kiti bila kukitafuta. Kasema kweli, mgongo haunyonyi. Kasema nilikwambia kikulacho ki nguoni mwako, wewe ukaenda kufua mapazia. Kasema mtoto atanyonya, na kopo lile atanywea chai yeye.

Nimemnyonyesha Kibonge pale pale, mbele ya kopo.

Kuombwa radhi hakukutokea. Nilikuwa nimevaa gauni lile bure. Badala yake wifi kauliza, taratibu, losheni yake ilifikaje mgongoni kwangu. Nikasema Kibonge anataka kulala.

Mama mkwe kaagiza Siri ya Shingo yote imwagwe. Nimeimwaga. Nimebakiza chupa moja ya kumbukumbu.


Ijumaa, 28 Juni

Shavu la kushoto limepona kabisa. Sijui lipi ni lipi nisipokumbuka mkono wangu. Nimeyabusu yote mawili kwa zamu, asionewe mtu.

Dada mtafiti kapiga simu, sauti imebadilika. Majibu ya bangili yametoka. Kasema katika akina mama wote wa utafiti, hakuna bangili iliyokunywa kama yangu. Kuna vitu humo ambavyo wamelazimika kuvitafuta vitabuni. Kauliza kama nalala ndani ya kiwanda cha rangi. Kasema wanataka kuja na mashine kupima hewa ya nyumba, na wamefikiria kunitaja kwenye mkutano, bila jina, kama mama wa kipekee.

Nikasema nipo tayari. Nilishaanza kufikiria gauni.

Wifi alikuwa anapita. Akasikia neno bangili. Akapaza sauti kutoka mlangoni, wifi, niambie kama ile bangili yangu ya zawadi ya kampuni, niliyoivaa saluni, Kibonge ameshamaliza kuitafuna.

Dada mtafiti akavuta pumzi, akasema ahaa. Hakugombana. Kwa upole kasema mkono wangu umeondolewa kwenye utafiti. Mgongo umebaki.

Si haba. Wangapi wana hata mgongo kwenye utafiti?


Jumapili, 30 Juni

Nimewaza sana tangu juzi na nimeona kosa lilipokuwa. Lilikuwa shingo. Daktari aliuliza shingo, mtafiti alicheka shingo. Bega hakuna aliyelitaja.

Basi nimebuni mapya. Siri ya Bega, ya wanaume wanaobeba vitu vizito. Nimejifunza, kwa hiyo dawa ya kulainisha nguo nimeiacha, na manukato ya muuza begani nimeyaacha. Nimetia vya jikoni tu: karafuu konzi nzima, iliki, maganda ya ndimu, na tone moja la manukato ya harusi yangu kwa ajili ya mapenzi. Na ile chupa moja ya kumbukumbu, ya kushikizia. Juu ya kifuniko nimebandika karatasi: YAMEPIMWA NA WATAALAMU. Ukweli mtupu. Mgongo wangu ni shahidi.

Wa kwanza kuyajaribu ni Baba Kibonge. Bega lake la kulia linamuuma kwa kubeba vyuma, nikamsugua jana jioni kabla ya kula. Kasema linapata moto, kasema ni dalili nzuri. Kisha akamchukua mtoto, wakalala wote wawili kwenye kiti, Kibonge bega hilohilo, mdomo wazi. Nilisimama kuwatazama mpaka ugali ukaungua.

Asubuhi hii Kibonge kaamka anacheka kama kawaida. Shavu la kushoto safi.

La kulia jekundu.

Maziwa si yenyewe, hilo lina ushahidi wa kisayansi. Shingo yangu ni safi. Nimewaza, nimewazua, nikakumbuka kwamba wiki hii wifi amebadilisha sabuni.

Kesho nampeleka Baba Kibonge akajiandikishe kwa wale watafiti. Akipewa bangili siiweki tena kwenye poda. Naishonea ndani ya mto wa wifi.